Gari la Gaylen kwenye Lami ya Kanisa

Gaylen Rostad aliponiuliza kama nataka kulijaribu gari lake, alimaanisha kutoka uani kwake hadi kwenye sanduku la barua na kurudi. Ndivyo tunavyofanya huku. Ukilipitisha gari la jirani sanduku la barua, umemwambia usoni kwamba humwamini, na najua familia zilizonuniana miaka kwa jambo dogo kuliko hilo.

Nikamwambia nataka kulipeleka mpaka kwenye lami ya kanisa.

Akanitazama. Kisha akamtazama mume wangu Orrin, ambaye alikuwa bado amekaa ndani ya gari letu dogo, mlango wazi, blanketi magotini.

"Kumbe na wewe kakuambukiza," akasema.

"Ndivyo alivyokuwa akifanya."

"Najua alivyokuwa akifanya. Gari langu la kwanza alilizungusha pale mpaka mke wa mchungaji akatoka kuuliza kama tumelewa."

Kila mtu kuanzia kwetu hadi mpaka wa Kanada anajua habari ya Orrin na lami ya kanisa. Barabara zetu ni changarawe tupu. Lami iliyo kavu, tambarare, yenye nafasi ya kuzungusha gari, iko mahali pamoja tu, mbele ya kanisa la Kilutheri, na Orrin hakuwahi kununua gari la fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, bila kulizungusha pale kwanza, awe anauziwa na jirani au na mchungaji mwenyewe. Watu walimtania kwamba anayapeleka magari kubatizwa. Hakuwajali.

Mimi sikutaka kwenda kwa sababu najua magari. Nilitaka kwenda kwa sababu ndivyo mambo yalivyofanywa nyumbani kwangu, na tangu Mei nilikuwa nikiishi hivyo tu, mikono ikijiendea yenyewe kwenye kazi iliyoizoea. Ni mwezi huo Orrin alipopigwa na kiharusi zizini. Mkono wa kulia ulikufa, mguu ukafa nusu, na maneno yakamwisha kabisa. Alikaa pale tulipomweka na kutazama kule tulikomgeuzia. Daktari alisema hana njia ya kujua ni kiasi gani kinachoingia kichwani mwake. Sisi tuliosikia "hana njia ya kujua" tulielewa kwamba hakuna kinachoingia.

Watu wa kanisani walileta mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga mpaka jokofu likakataa kufungwa, na kila aliyeleta bakuli aliniuliza najisikiaje. Niliwaambia sijambo. Ukweli ni kwamba sikuwa najisikia chochote. Yeye ganzi ilimshika upande mmoja, mimi ilinishika mwili mzima.

Na gari nililihitaji. Pikapu yetu ya zamani ilikufa injini wakati wa kupanda ngano, na bila fowili hakuna mtu anayewafikishia ng'ombe majani makavu theluji ikishajaa mabondeni. Binti yetu Renae, mtoto wetu wa pekee, anayeishi Billings, alikuwa amempatia baba yake nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa kule Great Falls. Kitanda kipo, wanangoja jibu letu Jumatatu. Renae hakuwa mkatili. Aliniwekea sharti la haki: nikipata gari la maana kabla ya theluji, nibaki na baba yake nyumbani majira haya ya baridi. Nisipopata, ng'ombe wauzwe na Orrin aende. Nilikubali. Ukiniuliza mwenyewe nilitaka lipi, sikujua. Nilikuwa nimeliachia gari liamue.

Orrin nilikuja naye kwa Gaylen kwa sababu haachwi peke yake. Nilimchukua kama mtu anavyochukua mkoba wake akitoka.

Tulimpandisha pamoja kwenye kiti cha mbele, upande wa abiria, Gaylen akimshika kwapani, mimi nikiinua mguu. Gaylen ni pande la mtu, na kibenchi cha nyuma cha pikapu yake kilitengenezwa kwa ajili ya watoto au mbwa. Alijikunja humo, magoti yamefika kidevuni.

"Mke wangu angeniona hivi angeomba talaka," akasema.

Tulipita sanduku la barua. Nilimsikia Gaylen akihema.

Kwenye changarawe gari lilikwenda vizuri. Kiti kizima, hita inafanya kazi, injini haina makelele. Gaylen alilisifia njia nzima bila kutia chumvi nyingi, na mimi niliitikia pale panapotakiwa kuitikiwa.

"Na hiyo fowili," akasema, "ni ya kuaminika. Mimi Novemba ikianguka theluji ya kwanza naitia nne, na inakaa kwenye nne mpaka bata bukini warudi na joto. Nani atahangaika na gia kwenye baridi ile?"

"Hata ukienda mjini?"

"Hata nikienda mjini, hata nikienda kuzika. Wakishapitisha greda kuondoa theluji lami inakuwa tupu na kavu, lakini huwezi kujua mbele kuna barafu wapi. Inakaa kwenye nne."

Ukitaka kujua, nusu ya wanaume wa huku hufanya hivyo hivyo na hujisifu kwa hilo. Orrin alikuwa akiwaita watu wa bukini. Nilimtupia jicho. Alikuwa akitazama mashina ya ngano yaliyobaki baada ya mavuno, uso wake haujabadilika.

Kanisani hapakuwa na mtu. Nilihakikisha ile gia fupi ya fowili, iliyo sakafuni kati yangu na Orrin, iko kwenye mbili, gari livute kwa magurudumu ya nyuma tu. Nikakata usukani wote kushoto na kuliachia gari lizunguke polepole.

Lilianza kurukaruka. Si sana mwanzoni. Usukani ukawa mzito, tairi zikapiga mluzi kwenye lami, kisha sehemu ya nyuma ikawa inainuka na kutua, inainuka na kutua, kama farasi asiyetaka kuingia zizini. Nilipotoa mguu kwenye mafuta gari halikuserereka. Lilisimama palepale, utadhani nimekanyaga breki.

"Sikia hiyo," Gaylen akasema nyuma yangu, amefurahi kweli. "Hiyo ndiyo fowili, jirani. Imeshika kama tingatinga."

"Mbona linarukaruka?"

"Fowili yoyote hurukaruka kwenye lami kavu. Muulize Orr..." Akajikohoza. "Muulize yeyote."

Orrin aliwahi kunieleza jambo hili, mezani, akichora kwa ncha ya uma kwenye maziwa yaliyomwagika. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Mbele na nyuma yakiwa yamefungwa pamoja, lazima tairi fulani iteleze ili hesabu zikae sawa. Kwenye changarawe inateleza na wewe hujui. Kwenye lami kavu haina pa kutelezea, basi gari linashindana na lenyewe, linajikaza na kuruka. Nilimsikiliza jinsi mke anavyosikiliza habari za magari, nikingoja aondoe uma wake nifute meza. Kwa hiyo nilikumbuka kwamba kurukaruka ni ishara. Ishara nzuri au mbaya, na gia ikiwa wapi, hilo lilikuwa limenitoka.

Nikalizungusha upande wa kulia. Ikawa vilevile.

"Umeridhika?" Gaylen akauliza.

Nilijaribu kuona majira ya baridi yaliyoamuliwa sasa: mimi na Orrin nyumbani, majani, ng'ombe, kumvalisha, kumvua. Nilingoja nione kama nitafurahi au nitaogopa. Hakuna kilichokuja.

"Sawa," nikasema. "Tutalichukua."

Ndipo mkono wa kushoto wa Orrin ulipoanguka juu ya ile gia fupi.

Nilidhani umeteleza. Mara nyingi hata ule mzima uliteleza, naurudisha. Niliuinua nikauweka kwenye blanketi. Ukarudi. Safari hii vidole vilifumba kwenye kichwa cha gia, vikaishika, na Orrin akanigeuzia uso. Akaivuta gia mpaka kwenye nne.

"Usichezee, mpenzi," nikamwambia, kwa sauti ile niliyokuwa nikiitumia kwake tangu Mei, sauti ya kuongea na mtoto wa miaka mitatu.

Akaigonga dashibodi kwa kifundo cha kidole. Kisha akanyoosha kidole mbele.

"Anataka uende," Gaylen akasema.

Nilikwenda. Usukani wote kushoto, polepole. Gari likaruka, tairi zikapiga mluzi. Akagonga dashibodi, nikasimama. Akairudisha gia kwenye mbili, akanyoosha kidole mbele. Nikaenda tena. Likaruka, likapiga mluzi. Hapakuwa na tofauti hata ndogo. Mtu angeweza kufumba macho na asijue ni mzunguko upi.

Akagonga. Akaelekeza kidole gumba nyuma ya bega lake.

"Kinyumenyume," Gaylen akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Nikarudi nyuma moja kwa moja kuelekea ngazi za kanisa. Orrin alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea sakafuni, ametega. Nilimwona hivyo mara nyingi sana zamani, akingoja mlio wa chuma kilichobana kikijiachia chini ya gari linaporudi nyuma. Nami nilitega. Hapakulia kitu. Akanionyesha nizunguke tena, nikazunguka, na gari likaruka kama mwanzo.

Basi akaishika ile gia akaipeleka kwenye nne, kwenye mbili, kwenye nne, kwenye mbili, haraka haraka, kama mtu anayekoroga sufuria tupu, huku akimtazama Gaylen kwenye kioo.

Gaylen aliinamia mbele kuitazama gia. Halafu akauliza, "Arlys, ile mara ya kwanza ulipozunguka. Gia ilikuwa wapi?"

"Kwenye mbili."

"Una hakika?"

"Niliitazama kwanza."

"Basi limekwama," akasema. "Limekwama kwenye nne, na hiyo gia inacheza tu hewani. Kwenye mbili lilipaswa kuzunguka bila hata kukohoa." Akaanza kujikunjua kutoka kwenye kibenchi kile, akatoka kwa shida, akalala chali kwenye lami na suruali yake safi, akachungulia chini. Tulimsikia akigonga kitu kwa ngumi. Alipoinuka uso ulikuwa mwekundu.

"Naapa sikujua," akaniambia. "Kwangu ni changarawe. Kwenda mjini barabara imenyooka mpaka mwisho. Sikati kona hata moja kwenye lami isipokuwa pale dukani, na pale nilidhani ni tairi."

Nilimwamini. Gaylen hajui kudanganya, ndiyo maana hajawahi kushinda karata. Kisha akazunguka mbele ya gari, na badala ya kuja dirishani kwangu akaenda kwa Orrin.

"Ni kale kaboksi ka chini, sivyo, mzee? Kanakogawa nguvu mbele na nyuma. Kamelika ndani."

Orrin akatikisa kichwa kukubali.

"Ni mimi niliyekaua? Kwa kukaa kwenye nne?"

Orrin akamtazama. Nyusi moja ikapanda, ile ya upande mzima. Niliijua nyusi ile. Nilikuwa nimeishi nayo miaka thelathini na kitu, na nilikuwa nimeizika.

"Usinitazame hivyo," Gaylen akasema, akaangua kicheko. "Haya, mimi ni mtu wa bukini, nimekubali." Akaniinamia kupitia dirishani, macho yameng'aa. "Arlys, huyu mzee yumo humu ndani. Yumo muda wote. Amekaa tu kimya anatusikiliza upuuzi wetu."

Alisema kwa furaha. Alikuwa ananipa habari njema na alingoja niipokee.

Mikono yangu ilibaki kwenye usukani. Nilikuwa nimemkumbuka Renae jikoni mwezi wa Agosti, akimkatia baba yake nyama vipande vidogo vidogo, akiniambia kana kwamba baba yake hayupo pale: "Mama, Baba alishakwenda. Tunachokilisha hapa ni mwili tu." Kisha akamtia uma mdomoni. Na nilikuwa nimekumbuka nilichojibu. Nilikuwa nimeshika kitambaa, namfuta kidevu, na nilisema kwamba ingekuwa afadhali Mungu angemchukua siku ileile pale zizini, kuliko kutuachia hiki. Sikulia nilipokisema. Nilikisema kama unavyosema mvua imechelewa. Orrin alimeza nyama yake.

Hayo yalikuwa mawili tu. Kulikuwa na kiangazi kizima cha maneno. Tulijadili mbele yake bei ya ng'ombe wake, nani apewe bunduki zake, kama suti yake bado ingemtosha kuzikiwa.

"Arlys?" Gaylen akasema. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Sikia. Kaka yangu aliyeko mjini Havre ana gari kama hili, limepondeka mbele, lakini boksi lake ni zima. Nitalihamisha. Litakuwa tayari kabla theluji haijakaa, na ikinishinda nitakuja kuwalishia ng'ombe mwenyewe. Orrin, umenisikia? Ukiliona halijatulia kwenye lami hii, usilichukue."

Orrin akatikisa kichwa kukubali. Gaylen akanyoosha mkono wake wa kulia, akakumbuka, akabadilisha akanyoosha wa kushoto. Wakapeana mikono. Kwetu huo ndio mkataba. Mimi niliyekuwa nimeshika usukani sikuulizwa.

Njia ya kurudi nyumbani, kwenye gari letu dogo, sikumtazama. Nilitazama barabara kama mtu anayefanya mtihani wa leseni. Ukilalia mkono ukafa ganzi, unapoanza kurudi ndipo unapouma, na mimi nilikuwa nauma kuanzia shingoni mpaka tumboni. Ningeweza kumuuliza. Tulikuwa wawili tu. Sikuuliza, kwa kuwa jibu nilikuwa nalo, na niliogopa kuliona usoni mwake. Nilimteremsha, nikamketisha jikoni kwenye kiti chake, nikampashia supu. Nilimpa kijiko ashike mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Nusu ilimwagika. Sikumfuta kidevu, nilimsogezea kitambaa.

Renae alipiga simu tukiwa bado mezani.

"Vipi gari?"

"Lina hitilafu. Gaylen atalitengeneza."

"Kwa hiyo hakuna gari." Akashusha pumzi. "Basi, Mama, tulikubaliana. Niwaambie Great Falls Jumatatu kwamba analetwa?"

"Muulize baba yako."

"Mama, tafadhali. Nimechoka."

"Anasikia," nikasema. "Anaelewa. Leo amegundua ubovu wa gari lililonidanganya mimi na mwenye gari pia. Subiri."

Nilivuta waya wa simu mpaka mezani, nikamwekea Orrin mkono wa simu sikioni upande mzima, na mimi nikainama karibu nisikie. Nyuma ya Renae palikuwa na televisheni, na mtu akaizima.

"Baba?" akasema. "Unataka kwenda Great Falls?"

Orrin akatikisa kichwa kukataa. Akakitikisa mara nyingi, kwa nguvu, mpaka mkono wa simu ukaniponyoka nikaudaka.

"Amekataa," nikamwambia Renae.

Nilidhani amekata simu. Kisha akauliza polepole, na sauti yake haikuwa ya mwanamke mwenye watoto wawili.

"Baba, siku ile jikoni. Nilipokuwa nakukatia nyama. Ulisikia?"

Orrin hakumtazama mtu. Alitazama kijiko mkononi mwake, akakiweka mezani, akainua uso akanitazama mimi. Macho yake hayakuwa na hasira, na ningefurahi kama yangekuwa nayo. Akatikisa kichwa kukubali, mara moja.

Renae hakuweza kuona. Alikuwa bado anangoja, na mle jikoni mwenye sauti nilikuwa mimi peke yangu.

"Anasema ndiyo," nikamwambia. "Alitusikia wote wawili."